Jongoo Mchanga Huenda Wapi Asubuhi?

SWALI: Ndugu Mhariri, jioni huonekana majongoo bahari (wanyama laini wa baharini wenye umbo kama la tango) wengi wa aina ile inayoliwa, iitwayo jongoo mchanga, lakini asubuhi mtu akirudi mahali pale pale haoni hata mmoja. Huenda wapi? Tena nimesikia kwamba akikatwa vipande viwili, kila kipande huwa jongoo kamili. Je, ni kweli?

JIBU: Hawaendi mbali, ndugu msomaji; yumkini ulikuwa ukiwakanyaga. Jongoo mchanga, ambaye wanasayansi humwita Holothuria scabra, hujifukia mchangani, na wale wadogo hasa hufanya hivyo karibu na macheo wakaibuka tena karibu na machweo, ilhali wakubwa hawashiki saa kwa ukali huo.

Makazi yake ni maji ya kina kifupi ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, mara nyingi yasiyofikia meta 10, penye nyasi bahari na mchanga uliochanganyika na tope, aghalabu jirani na mikoko. Tope hilo ndilo chakula chake: huzoa mchanga kwa minyiri inayouzunguka mdomo, tumbo likanyonya mabaki ya viumbe na vijidudu vilivyoshikamana na chembe, kisha mchanga ukatoka nyuma. Huko huko nyuma, usistaajabu, ndiko anakovutia maji ya kupumulia.

Kuhusu kumkata, sivyo. Wapo ndugu zake wanaojigawa wenyewe wakawa wawili, kama Holothuria atra, lakini jongoo mchanga hazaliani hivyo. Anachoweza ni kuyatoa nje matumbo yake anapotaabishwa mno na kuyaotesha upya baadaye, na nadhani uvumi ulianzia hapo.

Wapo madume na majike, ingawa kwa nje hawatofautishiki. Dume humwaga mbegu majini, jike naye, akiwa ameinua kichwa, humwaga mayai yanayoweza kuzidi milioni moja. Viluwiluwi huelea takriban wiki mbili, kisha hutua juu ya majani ya nyasi bahari na kukaa hapo kwanza kabla ya kushuka mchangani. Kwa kuwa mbegu huchujuka upesi majini, dume na jike wasipokuwa karibu mayai hupotea bure, na ndiyo maana eneo lililobakiwa na majongoo wachache waliotawanyika laweza kukaa muda mrefu bila watoto, hata kama wakubwa bado wanaonekana kila jioni.