Mkutano Mkuu wa Chama Bila Kukusanyika: Anza na Atakayeshindwa

Wakitaka kujua namna ya kuendesha mkutano mkuu wa chama watu wakiwa majumbani, wengi huanza kwa kuniuliza watumie programu gani. Hilo mimi huliweka mwisho. La kwanza ni hili: matokeo yakishatangazwa, kambi iliyoshindwa itaamka kesho na malalamiko gani? Kila lalamiko unaloweza kuliziba mapema, lizibe. Muziki, picha na hotuba vitajipanga vyenyewe.

Mwaka 2020 nilikuwa kwenye kamati ya uhakiki wa wajumbe ya tawi la chama kimoja huku Marekani ninakoishi. Tawi silitaji, maana wenzangu bado wamo na wengine wana nia ya kugombea. Machi ile, korona ilipofunga kumbi, mkutano wetu wa wilaya ulikuwa umeshapangwa na wajumbe wameshachaguliwa kutoka ngazi ya chini. Kuahirisha moja kwa moja haikuwezekana. Ngazi ya jimbo ilikuwa inasubiri majina yetu, na ngazi ya taifa inasubiri ya jimbo.

Kabla hujagusa kompyuta, fungua katiba ya chama. Kanuni za mikutano zinazotumiwa na vyama vingi hapa haziutambui mkutano wa mtandaoni mpaka katiba ya chama iwe imeuruhusu, na kambi itakayoshindwa itaisoma katiba hiyo kwa makini kuliko wewe. Wakubwa walilijua hilo. Kamati ya kanuni ya chama cha Democratic ilipitisha tarehe 12 Mei 2020 kwamba wajumbe wanaweza kushiriki wakiwa mbali, wakati mkutano wenyewe, uliopangiwa Milwaukee mwezi Julai, ulikuwa umeshasogezwa hadi Agosti.

Wajerumani walikwenda mbali zaidi. Januari 2021 chama cha CDU, kilichokuwa kikiongoza serikali yao, kilimchagua mwenyekiti wake kwa mtandao. Armin Laschet alipata kura 521, Friedrich Merz 466. Lakini sheria ya kule haikuruhusu viongozi wa chama wapatikane kwa kura ya mtandao peke yake, kwa hiyo wajumbe walitumiwa karatasi wapige tena kwa posta, na safari hii jina lilikuwa la Laschet pekee. Wako walioona ni kupoteza muda. Mimi naona walifanya jambo la maana sana. Kwa tofauti ndogo kama ile, mlango wa mahakama unaufunga kabla mtu hajaugonga.

Sasa orodha ya wajumbe. Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wasipopapenda, kwa sababu hapana kamera wala makofi. Ukumbini mjumbe anafika mlangoni na kitambulisho, anapewa beji, yamekwisha. Mtandaoni kitambulisho chake ni anwani ya barua pepe, na barua pepe za watu zina mambo. Kwetu kulikuwa na mume na mke wanaotumia anwani moja, wote wajumbe, na mfumo ukawahesabu mtu mmoja. Kulikuwa na wazee walioandika anwani za watoto wao ambao nao hawaifungui mwezi mzima. Herufi moja ikikosewa, ujumbe wenye namba ya siri ya kupigia kura unakwenda kwa mtu usiyemjua.

Dawa yake ni simu. Si ujumbe mfupi; namaanisha kumpigia mtu ukasikia sauti yake. Gawaneni orodha, kila mmoja apige majina yake, athibitishe anwani, aulize mjumbe ana kompyuta au simu tu, na kama mtandao wake unatosha. Mmoja wa wajumbe niliopangiwa alikuwa baba mtu mzima kutoka Bukavu, Kongo, amepata uraia hapa si zamani, na anajua siasa kuliko wengi wetu. Kiingereza cha maelekezo kilimshinda uvumilivu.

"Mwanangu, nifinye wapi?"

"Baba, unaona kitufe cha kijani chini?"

"Kijani naona. Nikikifinya, kura imeenda?"

"Hapana baba, hapo unaingia tu mkutanoni. Kura inakuja kwa barua pepe."

"Kwa nini visiwe pamoja?"

Swali zuri, na nitalirudia. Ninachosema hapa ni kwamba mazungumzo kama hayo hayana njia ya mkato, na yanahitaji mtu anayeongea lugha ya mjumbe. Fanyeni pia mkutano wa majaribio siku chache kabla, mpigie kura jambo lisilo na maana, kama vile chai au kahawa, ili kila mtu aguse kila kitufe angalau mara moja. Asiyetokea kwenye majaribio ndiye wa kupigiwa tena.

Na haya yanataka muda. Chama cha Republican cha Texas kilitaka wajumbe wake wakutane ana kwa ana mjini Houston Julai 2020. Mkataba wa ukumbi ukavunjwa tarehe 8, Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kuwasaidia tarehe 13, na tarehe 16 wakaingia mtandaoni. Uandikishaji wa wajumbe kwenye mfumo ukaleta shida, vikao vikachelewa, na mwenyekiti mpya, Allen West, alijulikana usiku wa manane kuamkia Jumatatu tarehe 20. Ukiona dalili kwamba ukumbi unaweza kufungwa, andaa njia ya mtandao sambamba, hata kama hutaitumia.

Kuna jambo watu hawalitazamii mpaka limewakuta: maiki. Ukumbini mjumbe aliyenyimwa nafasi husimama, hupaza sauti, "Kuhusu utaratibu, Mwenyekiti!", na ukumbi mzima humsikia hata mwenyekiti asipotaka. Mtandaoni kuna mtu mmoja ameshika kitufe, na akikuzima, umezimika. Hata jirani yako hajui kama uliinua mkono. Kwa hiyo kitufe hicho kisikae kwa mtu mmoja. Wekeni wawili, mmoja kutoka kila kambi, na orodha ya walioomba kusema ionekane kwa wajumbe wote. Mtu akinyimwa zamu, wote wamwone amenyimwa. Wenzangu wengine waliona nazidisha. Naendelea kuamini kwamba kitufe hicho kinaharibu mikutano mingi kuliko mtandao unaokatika.

Na mwenyekiti asahau ile "wanaoafiki waseme ndiyo". Sauti zinafika kwa kupishana, nyingine hazifiki kabisa, na hakuna anayeweza kuapa kwamba ndiyo zilikuwa nyingi. Kila uamuzi uwe wa kuhesabika. Hoja na marekebisho yaletwe kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho, maana kuandika upya azimio mbele ya mamia ya watu kwenye skrini ni kutafuta usiku wa manane. Hili lina gharama, tusidanganyane: mjumbe wa kawaida anapoteza ile nguvu ya kusimama ghafla na kugeuza mkutano. Mpeni fidia kwa kutangaza tarehe hiyo mapema na kumsaidia kuandika hoja yake.

Sasa lile swali la baba wa Bukavu. Kujadili na kupiga kura visiwe pamoja kwa sababu mtandao ukikatika kwa dakika tano wakati wa mjadala, mtu amekosa hotuba. Ukikatika wakati wa kura, amekosa haki. Kura iwe na dirisha la siku kadhaa. Wajumbe wa Democratic walipiga kura zao kwa barua pepe kuanzia tarehe 3 hadi 15 Agosti 2020, na mkutano wenyewe ukafunguliwa tarehe 17. Anayesaidia mjumbe kwa simu amwelekeze mpaka ukurasa wa kura, kisha akate. Nyumbani hakuna kibanda cha kupigia kura, na mume, mke au mtoto anaweza kuwa amesimama nyuma ya kiti. Waambieni wajumbe wazi wazi kwamba kura ni yao, na wapeni nafasi ya kuibadilisha kabla dirisha halijafungwa.

Sherehe sina mengi ya kusema. Fupisheni. Hotuba zilizorekodiwa zinaokoa muda ila zina mtego wake: hotuba ya Michelle Obama kwenye mkutano ule wa Democratic ilirekodiwa kabla Joe Biden hajamtangaza Kamala Harris kuwa mgombea mwenza, ndiyo maana Harris hakutajwa humo. Kilichopendeza kuliko vyote mwaka ule ni ile kuitwa kwa majimbo yatangaze kura zao, kila jimbo na kisiwa kikitokea kwao, ufukweni, shambani, na Rhode Island na mpishi wao aliyeshika sahani ya ngisi wa kukaanga. Hata tawi dogo linaweza kufanya hivyo kwa simu za wajumbe wenyewe.

Matokeo yakitoka, wakala wa kila mgombea apewe orodha ya waliopiga kura, majina tu, siyo walivyopiga, na siku za rufaa zihesabiwe kuanzia hapo. Kwetu aliyeshindwa aliiomba jioni ile ile. Aliwapigia simu wale aliowatilia shaka, mmoja mmoja, na hatukupokea rufaa.