Mmea wa rangi ya fedha wa Hawaii na senesio za Kilimanjaro ni ndugu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mi mpagazi Kilimanjaro, mgeni kanionesha picha ya mmea wa Hawaii unang'aa kama fedha, anasema ni ndugu wa senesio zetu, ile mimea mikubwa yenye vichwa vya majani pale kambi ya Barranco, na eti ukichanua tu unakufa. Kweli? Mbona zetu hazifi?

JIBU: Marahaba. Mgeni wako kapatia nusu. Yote miwili ni familia ya alizeti ila undugu wenyewe wa mbali sana, nje ya Hawaii ndugu wa karibu wa huo mmea wako California, vimimea vya kawaida tu ukiviona huwezi kudhani. Jina lake Argyroxiphium, wenyeji wanauita ahinahina, uko visiwa viwili tu, Maui na kile kikubwa cha Hawaii chenyewe, spishi 5 na moja ishatoweka.

Kufanana ni kwa sababu ya maisha ya juu mlimani, mchana jua kali usiku baridi ya kuganda, ndo maana majani yamejikusanya duara kama kabeji kulinda chipukizi la katikati. Ule wa Hawaii umeongezea manyoya ya fedha yanayorudisha mwanga, na ndani ya majani kuna ute kama jeli unaotunza maji.

Sasa kufa. Senesio yako ikitoa ua kwenye ncha, pembeni yanatoka matawi mapya, angalia vizuri safari ijayo utaona kila panapogawanyika paliwahi kuchanua. Ahinahina ya mlima Haleakalā kule Maui kwa kawaida ina kichwa kimoja tu cha majani, inakaa miaka 20 mpaka hata 90 inajiwekea akiba, afu siku moja inarusha mlingoti wa maua unaoweza kuwa mrefu kuliko mtu na akiba yote inaishia hapo, hakuna chipukizi lililobaki la kuendeleza.

Na kuna balaa lingine, haujichavushi wenyewe. Mmea ukichanua peke yake mwaka huo mbegu karibu zote ni mapepe, na nyuki wa asili wanaouchavusha wanaliwa watoto na sisimizi waliotoka Argentina. Kule mlima Mauna Kea, kwenye kisiwa cha Hawaii, mbuzi na kondoo waliutafuna mpaka ikabaki michache ya kuhesabika.

Wageni nao zamani walikuwa wanaung'oa kuonesha kwamba wamefika juu kweli! Siku hizi marufuku, hata kutoka nje ya njia kuusogelea hawaruhusu maana mizizi iko juujuu, unaikanyaga bila kujua.