Historia ya hospitali ya watoto: fungua kwanza daftari la kulaza

Historia nyingi za hospitali za watoto zinafanana: picha ya mwanzilishi, majina ya wakurugenzi, mwaka wa kila jengo, basi. Watoto hawamo, na waliokaa jirani na ukuta wa hospitali hawamo pia. Ukitaka kuwapata, kumbukumbu za vikao vya bodi zisubiri. Omba kibali cha uongozi kwa maandishi, kisha fungua daftari la kulaza wagonjwa.

Usijaribu kulisoma lote. Chagua miezi miwili ya misimu tofauti, tuseme Januari na Julai, uisome kila baada ya miaka mitano. Mwezi mmoja pekee utakudanganya, kwa kuwa magonjwa ya watoto yana msimu. Chukua mstari kama huu: umri miezi 14, kifaduro, siku 11, na kwenye safu ya matokeo karani kaandika "ametoroka". Mtoto wa miezi 14 hatoroki. Kuna mtu kambeba. Hesabu maneno hayo mwezi kwa mwezi. Yakirundikana wakati wa kilimo, au mara tu ada ilipopanda, umeshapata swali la kuwapelekea wazee wa mtaani, na swali hilo lina thamani kuliko hotuba zote za ufunguzi.

Ugonjwa ukipotea ghafla kwenye daftari, usikimbilie kuisifu chanjo. Huenda karani amebadilika na jina la ugonjwa limebadilika naye, au wodi ya maambukizi imepewa daftari lake. Linganisha mwandiko kabla ya kulinganisha namba.

Tarehe ya kuanzishwa nayo ina mitego. Kuna siku ya kikao cha kwanza, siku ya usajili, siku ya ufunguzi na siku alipolazwa mtoto wa kwanza, na kila kundi hushikilia yake. Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, ilifunguliwa tarehe 14 Februari 1852 ikiwa na vitanda 10 tu, ndani ya nyumba iliyokuwa makazi. Ile ya Paris ya 1802 iliwekwa mahali palipokuwa na nyumba ya yatima, kwa hiyo ukifuata umri wa eneo badala ya umri wa hospitali utakosea kwa miaka mingi. Andika tarehe zote nne, useme ipi ni ipi.

Kwa upande wa jamii, fuata fedha. Hospitali ya watoto ya Red Cross mjini Cape Town, iliyofunguliwa 1956, ilitokana na michango ya wanajeshi waliopigana Vita vya Pili vya Dunia. Kwingine utakuta vibao vidogo juu ya vitanda au orodha za michango zilizokunjwa nyuma ya faili la mhasibu. Nakili hata michango midogo, maana hiyo ndiyo inayoonyesha nani aliiona hospitali kuwa yake.

Unapohoji, swali la "tueleze historia ya hospitali" huzaa hotuba. Muulize muuguzi mstaafu: mama alilala wapi? Hapo utasikia yote. Hata Uingereza, wodi nyingi ziliwabana wazazi kwa saa chache za kuwaona watoto, mpaka ripoti ya Platt ya 1959, kuhusu hali ya watoto hospitalini, ikapendekeza waruhusiwe wakati wowote unaofaa na mama akae na mtoto mdogo. Watu husahau mwaka lakini hukumbuka mfuatano, kwa hiyo uliza "kabla au baada ya jengo lile?" Wahoji wafanyakazi wawili pamoja, watasahihishana, mzazi aliyefiwa mhoji peke yake. Dakika 60 hadi 90 zinatosha, na kila saa ya sauti itakula saa 4 hadi 6 za kuinakili kwa maandishi.

Karatasi kuukuu zishike kwa mikono iliyonawa na kukauka. Glavu za pamba hupunguza hisia za vidole na kuchana pembe za kurasa. Glavu ziwe za picha. Tumia penseli tu. Pini yenye kutu usiivute: ingiza kipande cha plastiki chini yake, kisha uilegeze taratibu. Utepe wa gundi usiutumie kabisa, hata ukurasa uwe umepasuka vipande viwili.

Jina la mtoto na ugonjwa wake visikae ukurasa mmoja wa kitabu chako. Kuficha jina peke yake hakutoshi: umri, mtaa na ugonjwa adimu vikikutana, majirani watamtambua. Na fomu ya idhini ya mahojiano isainiwe siku hiyohiyo, kinasa sauti kikiwa bado mezani, kwa sababu msimuliaji akifariki kabla ya kusaini, sauti yake itabaki kabatini.