Jibu: kaka ameacha dawa za baipola juu anajiskia poa

Sista pole sana. Umesema kakako hapo Kondele aliacha lithiamu, dawa yake ya baipola (ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), juu alikuwa ashajiskia poa, sasa halali usiku, anaongea bila kupumua na anataka kuuza pikipiki afungue hoteli tatu. Huyo hajarogwa na si kiburi, hiyo ni mania inaingia, yaani ile hali ya kupanda ya baipola, na usingizi kupotea huwa dalili ya mapema kwa wengi. Alikuwa poa juu ya hizo dawa, baipola si malaria ati umalize dozi basi. Mpelekeni kliniki kesho asubuhi, msimrudishie tembe wenyewe hapo nyumbani, daktari ndo atasema aanze na kiasi gani. Logbuku ya pikipiki mama aiweke kwanza, asiiuze.

Lithiamu lazima ipimwe kwa damu, ikiwa kidogo haisaidii na ikizidi ni sumu, pia wanaangalia figo na thairoidi, ile tezi ya shingoni. Na hili joto la Kisumu anywe maji vizuri, asikate chumvi ghafla, na akiumwa mgongo asikimbilie ibuprofeni au diklofenaki pale kemisti, hizo zinapandisha lithiamu mwilini na watu wengi hawaambiwi! Akiwa kwa dawa halafu aanze kutapika, kuharisha, mikono kutetemeka sana ama kuyumba, ni kasualti saa hiyo hiyo. Akitaja kujiua pia, msimwache peke yake hata dakika.

Maombi endeleeni nayo, bora asikose tembe daktari akishamwanzishia.