Ukirudi nyumbani kwa mwalimu wako wa picha, ulizia mikanda ya filamu

Miaka 19 nilikuwa sijapita kichochoro kile cha Mkunazini, Unguja. Mwalimu keshafariki, watoto wake wako bara, nyumba wameipangisha. Nilikwenda na kamera begani, nia yangu nipige picha ya mlango, nihuzunike kidogo, nirudi zangu. Usiende hivyo. Mpigie kwanza mtu wa familia amwarifu mpangaji, na kamera ikae mkobani mpaka ushakaribishwa. Yule mpangaji kumbukumbu zako hazimhusu.

Chumba cha giza kilikuwa chini ya ngazi, upana wake hatua 3. Humo ndimo alimotufundisha kusafisha picha kwa taa nyekundu na trei 3: ya kwanza picha inatokea, ya pili inasimamishwa, ya tatu inakazwa. Maneno hakuwa nayo mengi. Alitutuma tukatazame picha za Capital Art Studio, ile aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, na tukirudi anauliza swali moja tu: mwanga ulitoka upande gani? Sasa mna seredani na ndoo. Wala sikuumia kama nilivyodhani.

Kilichonishtua ni bati la biskuti juu ya rafu. Kulifungua, mikanda yake ya filamu, na harufu ya siki. Ukiisikia hiyo, jua mkanda wa asetati, ile plastiki ya filamu za zamani, unaoza. Joto na unyevu wetu wa pwani huufanya utoe asidi, na asidi ikifungiwa ndani ya bati huzidisha kuoza, hata mikanda mizima iliyo jirani ikaharibika nayo. Itoe humo siku hiyo hiyo. Inayonuka itenge na isiyonuka, kila kipande ukitie kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, uliyokwisha kuiandika kwa penseli kabla ya kutia kitu ndani. Shika kingo tu. Uliojikunja usiulazimishe kunyooka, utapasuka. Kisha anza kunakili ile inayonuka zaidi. Skana ukikosa, weka plastiki nyeupe juu ya taa, mkanda juu yake, piga kwa kamera iliyosimama imara, halafu geuza nyeusi iwe nyeupe kwenye kompyuta. Mimi ilinichukua wiki 3, na mgongo bado unanidai.

Ila usikimbilie kuzitia mtandaoni. Mwalimu alikuwa akiitwa majumbani siku za harusi, na wanawake walimwamini wakapigwa picha bila buibui. Wengine wangali hai, wana wajukuu. Mikanda si yako hata kama wewe ndiye uliyeiokoa. Nakala zote nilimpelekea binti yake, tukakaa kwenye simu jioni nzima tukichagua, na tulizokubaliana zionekane ni 2 tu, zote za ngalawa.

Bati mpangaji aliliomba. Kaliosha, kalianika juani, sasa anatilia pilipili kavu.