Claas bin Jan, wa Rendsburg

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Ukipewa mwaka mzima kufuatilia ukoo usio wako, ungechagua upi, na ungeanzia wapi?" Najua wengi watataja masultani. Mimi nachagua makaburu, wale walowezi wa Kizungu wa Afrika Kusini.

Sababu iko nyumbani. Nimezaliwa Eldoret, mji ambao wazee wanauita Sisibo kwa kuwa ulianzia kwenye shamba namba 64. Babu yangu, akiwa mtoto, alishika kamba mbele ya maksai wa kaburu mmoja wa Uasin Gishu. Majina ya maksai wote aliyakumbuka mpaka uzeeni. La mwenye maksai hakuwahi kulijua. Alikuwa "kaburu" basi, neno tulilolitohoa kutoka Boer, yaani mkulima.

Mwaka 1908 familia 47 za makaburu ziliabiri meli ya Windhuk hadi Mombasa, zikapanda treni hadi Nakuru, halafu zikakwea na magari ya maksai hadi kwetu. Kiongozi wa msafara alikuwa Jansen van Rensburg. Ningeanza na jina hilo, maana ukilipasua linakusimulia mengi.

Jansen, ambalo zamani liliandikwa Jansz, ni "bin Jan", si zaidi. Waholanzi wa zamani walikuwa kama sisi wa Ali bin Juma: jina la baba lilibadilika kila kizazi, na hapo ndipo wafuatiliaji wengi hupotea njia. Willem Schalksz van der Merwe, aliyefika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1661, ni Willem bin Schalk. Mwanawe naye ataandikwa Schalk Willemsz. Usipojua, utadhani ni koo mbili. Kwa akina Rensburg "bin" iliganda ndani ya jina, hivyo hata ambaye baba yake si Jan amebaki bin Jan milele. Mzee wao wa kwanza huko Rasi, Claas Jansz, alifika mwanzoni mwa karne ya 18, na Rendsburg alikotoka iko kaskazini mwa nchi tunayoiita leo Ujerumani. Ukoo wa Kiholanzi, chimbuko Ujerumani! Si ajabu, kwani Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India, iliyomtuma Jan van Riebeeck kufungua kituo pale Rasi mwaka 1652, iliajiri askari na mabaharia kutoka kila upande. Willem huyo niliyemtaja alimwoa Elsje Cloete, ambaye baba yake alitoka Köln.

Kutoka Eldoret, basi, safari yangu ingekuwa ya Cape Town, kwenye nyumba ya nyaraka ya mtaa wa Roeland. Kuna vitabu vya ubatizo vya kanisa, na watoto walirithishwa majina karibu kama wafanyavyo Wakikuyu: mvulana wa kwanza babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Kwa hiyo hata mahali ambapo ukurasa umekosekana, unaweza kukisia babu aliitwa nani. (Kukisia tu, jamani. Nimeona watu wakijengea nasaba nzima juu ya kisio moja.)

Lakini utamu wenyewe, na uchungu, uko kwenye nyaraka za Baraza la Mayatima. Mtu akifa ameacha watoto wadogo, karani alikwenda nyumbani kwake kuandika mali: kwanza warithi na umri wao, kisha chumba kwa chumba, sufuria, vitanda, magari, ng'ombe. Na watu. Watumwa waliandikwa humo humo kwenye mali: fulani van (yaani "wa") Mozambique, fulani van Madagascar, fulani van Bengale. Aliyezaliwa pale pale utumwani akawa van de Kaap, wa Rasi.

Neno hilo "van" ndilo linaloninyima usingizi. Kwa Claas Jansz linamwambia mjukuu babu yako alitoka mji fulani, na mjukuu analibeba kwa fahari hadi Uasin Gishu. Kwa mtumwa ni alama ya alikonunuliwa, na mara nyingi kizazi kimoja baadaye limeshafutika. Chombo ni kile kile cha mtafiti, ila upande mmoja kinafungua mlango na upande wa pili kinagonga ukuta.

Tena koo za walowezi na za watumwa na wenyeji hazikukaa mbalimbali. Ansela van Bengale alikuwa mtumwa wa van Riebeeck. Aliachwa huru mwaka 1666, na mwaka 1669 akaolewa na Arnoldus Willemsz Basson. Akina Basson wa Afrika Kusini ni wajukuu zake. Krotoa, binti wa Kikhoi, wenyeji wa Rasi, aliyekuwa mkalimani wa Waholanzi nao wakamwita Eva, aliolewa mwaka 1664 na tabibu Pieter van Meerhof. Binti yao Pieternella alipelekwa Mauritius, akaolewa na Daniel Zaaiman, na ukoo wa Saayman ukaanzia hapo. Mfuatiliaji anayeshika majina ya baba peke yake atafika Ulaya salama salimini na asimwone hata mmoja wa wanawake hawa.

Krotoa alikufa mwaka 1674. Pieternella alipojaliwa mabinti, mmoja alimwita Eva.