Marufuku ya ndege au eneo salama: lipi linawalinda raia?

SWALI: Serikali inapowashambulia raia wake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mataifa ya nje yaanze na lipi: kupiga marufuku ndege kuruka, kutenga eneo salama, au kupeleka misaada tu? Na kila moja linahitaji nini?

JIBU: Anza na kile kinachowaua raia. Ni mabomu ya ndege, mizinga, wanamgambo wanaopita nyumba hadi nyumba, au njaa ya kuzingirwa? Usipojibu hilo kwanza, utatumia nguvu nyingi mahali pasipostahili.

Tazama Iraq. Mwaka 1991 Marekani na washirika wake walizuia ndege za Saddam Hussein kuruka kaskazini mwa latitudo 36 ili kuwalinda Wakurdi. Hawakuishia angani: askari wao waliingia hadi Zakho, mji wa kaskazini mwa Iraq, jeshi la Iraq likaamriwa kuondoka, na kambi ya Incirlik, Uturuki, ilikuwa karibu. Wakimbizi wengi walishuka milimani wakarudi makwao. Kusini, marufuku ya Agosti 1992 chini ya latitudo 32 haikuwa na askari ardhini. Vifaru na mizinga viliendelea na kazi, na serikali ikakausha vinamasi ambavyo wakazi walivitegemea kwa maisha yao.

Marufuku ya ndege huanza kwa mabomu, maana lazima kwanza unyamazishe rada na makombora ya kutungulia ndege, ambayo mara nyingi yamewekwa karibu na makazi ya watu. Baada ya hapo unahitaji ndege za kivita angani usiku na mchana, ndege za kuzijazia mafuta, ndege za rada, na kikosi cha kuokoa rubani akianguka. Kwa kila jozi iliyo kazini, weka hesabu ya nyingine inayokwenda au kurudi na nyingine iliyo kwa mafundi. Hata hivyo helikopta hupenya: huruka chini, hujificha mabondeni, na hutua kabla hujazifikia. Syria, ambako helikopta zilidondosha mapipa ya milipuko juu ya mitaa ya watu, marufuku ingegusa silaha yenyewe. Lakini Urusi ilipoingia Septemba 2015 na kuleta mitambo ya S-400 ya kutungulia ndege miezi miwili baadaye, kuweka marufuku kungemaanisha kuwa tayari kutungua ndege za Urusi.

Eneo salama ni gumu zaidi, na ndipo watu hudanganywa kwa jina. Srebrenica, mji wa mashariki mwa Bosnia, ilitangazwa eneo salama Aprili 1993. Kwa maeneo yote ya namna hiyo Bosnia, makamanda walisema wanahitaji askari 34,000; Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaidhinisha 7,600. Waserbia wa Bosnia walidhibiti barabara na kuzuia mafuta, hata doria zikafanywa kwa miguu. Wapiganaji Waislamu wa Bosnia waliobaki ndani na silaha walitoka kushambulia, wakampa adui kisingizio. Msaada wa ndege ulihitaji idhini mbili, ya Umoja wa Mataifa na ya NATO. Julai 1995 mji ulianguka, na wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 wakauawa, huku marufuku ya ndege ikiwa inatekelezwa juu yao.

Kwa hiyo usitangaze eneo salama bila mpaka au uwanja wa ndege ulio mikononi mwako, ukaguzi wa silaha langoni, na kamanda mwenye ruhusa ya kufyatua risasi bila kusubiri simu kutoka ng'ambo. Ukikosa kimojawapo, ni heri kuwasaidia watu kuondoka kuliko kuwakusanya mahali pamoja.

Kama muuaji ni kuzingirwa, fikiria kupeleka misaada kwa kuvuka mpaka, kama ilivyofanyika Syria. Misafara ya misaada iliyotoka Damascus, mji mkuu, ilikuwa ikinyang'anywa vifaa vya upasuaji kwenye vizuizi. Azimio 2165 la Baraza la Usalama, la Julai 2014, liliruhusu malori kuingia Syria kupitia vituo 4 vya mpakani bila idhini ya serikali; yalikaguliwa yanapopakiwa katika nchi jirani, na Damascus ilipewa taarifa tu. Udhaifu wake ulikuwa muda: siku 180, kisha kura upya. Kila kura ilimpa mwenye kura ya turufu, yaani ya kuzuia azimio, nafasi ya kubana, na kufikia Julai 2020 kilibaki kituo kimoja, Bab al-Hawa, mpakani na Uturuki. Ukiandika azimio la aina hiyo, pigania muda mrefu tangu siku ya kwanza, kabla hasira ya dunia haijapoa.